Uliambiwa Ukae Home, Lakini Home Ni Futi 10 kwa 10

Jumatatu, Aprili 6, 2020, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alifunga Nairobi. Kuanzia saa moja jioni hiyo hakukuwa na kuingia, hakukuwa na kutoka, siku 21. Na hiyo Nairobi yenye ilifungwa haikuwa kaunti peke yake. Ilibeba Rongai, Ngong, Kiserian na Kitengela, ikashika Athi River, ikapanda upande wa Kiambu hadi Thika. Idadi ya walioambukizwa siku hiyo ilikuwa 158. Mitandaoni story kubwa ikawa ni nani ameshikiwa mtaani na nani alihepa ocha mapema na sasa hawezi kurudi kazi.

Kuna story ingine yenye ilikuwa imeanza wiki tatu kabla ya hapo, na haikupewa kichwa kikubwa kwa gazeti. Machi 15, siku mbili tu baada ya Waziri wa Afya wa wakati huo Mutahi Kagwe kutangaza kesi ya kwanza ya korona nchini, Rais aliamuru shule zifungwe. Za kutwa zikafunga kesho yake. Bodingi zikapewa hadi Jumatano, vyuo vikuu hadi Ijumaa. Ndani ya siku tano, wanafunzi zaidi ya milioni 15 walikuwa kwa nyumba, na hakuna mzazi alikuwa ameulizwa kama hiyo nyumba iko tayari.

Tuseme ukweli, uamuzi wenyewe ulikuwa sawa. Tulikuwa tunaona vile Italia inazika watu. Hakuna serikali yenye akili ingengoja darasa la watoi 70 lianze kukohoa ndio ijue kuna shida. Noma ni kwamba kila kitu chenye shule ilikuwa inabeba kilisukumwa kwa mlango wa keja, usiku mmoja, na hakuna mtu alisimama kwa maikrofoni akasema ni vitu gani hivyo.

Hebu tuanze na hiyo keja yenyewe.

Panda ghorofa yoyote ya Pipeline, kule Embakasi. Floor saba, nane, koridoo yenye ni giza saa sita mchana, nguo zimening'inia kila mahali, maji yanatiririka kwa ngazi. Kila mlango ni chumba cha futi 10 kwa 10. Ndani kuna kitanda, pazia, kochi, tivii, meko ya gesi kwa kona na mitungi ya maji chini ya kitanda. Choo ni ya watu wote wa hiyo floor. Sasa weka hapo buda, mathe na watoto watatu. Wanaenea aje?

Hawaenei. Hawajawahi kuenea. Keja ya Nairobi hufanya kazi kwa shifti. Buda anachomoka saa kumi na moja asubuhi kusaka mjengo. Watoi wanatoka saa kumi na mbili na nusu na yunifomu zao. Mathe akishapanga nyumba anafunga kufuli, anaenda kufua nguo za watu Kileleshwa ama kupanga nyanya kwa kibanda. Hadi jioni hiyo nyumba iko tupu. Watu hukutana usiku, wanadishi, wanatandika godoro chini, wanalala. Hiyo ndio siri ya watu watano kuishi kwa chumba kimoja miaka kumi bila kuuana.

Ndio maana nasema ile amri ya kukaa nyumbani iliandikwa na mtu mwenye nyumba yake ina mlango wa sebule na mlango wa chumba cha kulala. Kwa msee wa kawaida wa hii jiji, nyumba si zile kuta nne. Nyumba ni keja, na shule, na koridoo, na kibanda cha mama mboga, na kanisa ama msikiti wikendi, na ocha kwa cucu wakati wa likizo. Hivyo vyote ndio vyumba vyake, vimetawanyika tu mtaani. Tangu Machi 2020 tulikuwa tukivifunga kimoja kimoja. Shule Machi 16. Makanisa na misikiti wiki iliyofuata. Koridoo na kibanda vikapata kafyu Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Halafu Aprili 6, ocha. Kilibaki chumba kimoja tu, kile cha futi 10 kwa 10, na wote walikuwa ndani kwa shifti moja.

Wacha nikae kidogo kwa shule, kwa sababu hapo ndipo kuna mambo.

Tuliposema shule imefungwa tulifikiria masomo. Muulize mathe yeyote wa Mukuru ama Kayole shule ilikuwa inamsaidia na nini, masomo yatakuja namba tatu. Namba moja ni kwamba shule ilikuwa inamshikia mtoto kutoka asubuhi hadi jioni, na ndio maana aliweza kutafuta. Namba mbili ni lanchi. Kwa zile shule za mabati mtaani, sahani ya githeri ya saa saba ndio ilikuwa dishi ya maana ya siku kwa watoi wengi. Kwa nyumba ilikuwa ni chai ya rangi asubuhi na ugali sukuma usiku. Katikati hapo, shule ilikuwa inaziba.

Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme hiyo sahani ilikuwa mbao. Watoi watatu ni 60 bob kwa siku, na wamekula wakashiba. Hiyo hiyo 60 bob kwa nyumba haikuleta githeri ya watu watatu, kwa sababu maharagwe ya kuchemsha kutoka mwanzo yanataka makaa ama gesi ya masaa. Ndio maana mtaani tunanunuanga maharagwe yamechemshwa tayari, mama anakupimia kwa kikombe. Lakini huyo mama naye alikuwa anauza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, wakati watu wanashuka mathree kutoka kazi. Kafyu ilikata hayo masaa yake yote ya maana. Saa kumi na mbili alikuwa anafunika sufuria na anakimbia, kwa sababu saa moja karao walikuwa barabarani. Na mtoto akiwa nyumbani siku nzima hali mara tatu. Anakula kila akiona kifuniko cha sufuria kimesonga. Yeyote mwenye ana bratha wa miaka tisa anajua hii.

Pakiti ya unga ya kilo mbili mwaka 2020 ilikuwa inazunguka hapo 120. Kwa nyumba ya watu watano ilikuwa inaenda siku mbili. Wazazi wakawa wanakuambia haifiki.

Na doh ilitoka wapi? Machi 25 Rais alitangaza msaada. Mtu mwenye mshahara wa hadi 24,000 kwa mwezi aliondolewa PAYE. VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kulikuwa na bilioni 10 za wazee, mayatima na wengine wenye hawajiwezi. Majina yalisimamishwa kupelekwa CRB kwa muda. Sitabeza hii orodha, ni pesa za ukweli na zilikuja haraka. Lakini soma tena kwa macho ya mama fua. Hakuwa na payslip, kwa hivyo PAYE haikumhusu. Hakuwa mzee wala yatima, kwa hivyo zile bilioni 10 hazikumwona. Kufua kwenyewe kuliisha, kwa sababu mdosi wa Kileleshwa alimwambia kwa simu, kwa upole kabisa, "Mama Brayo, kaa tu kwanza, tutakuita hii maneno ikiisha." Hakufutwa. Aliambiwa akae. Na mwenye ploti yeye hakuambiwa akae.

Buda wa mjengo naye, siku yenye alipata kazi, fare ilikuwa imepanda. Mathree ya watu 14 ilikuwa inabeba 8 tangu Machi 2020. Kama kila mtu alikuwa analipa finje, gari lilikuwa linakusanya mia saba. Sasa kwa finje likawa linakusanya mia nne. Hakuna konda angekula hiyo hasara peke yake, kwa hivyo ni wewe ulikuwa unaikula. Halafu kafyu ilitaka fundi awe kwa mlango saa moja, kwa hivyo saa tisa na nusu alikuwa anaweka nyundo chini. Siku ilikatwa, fare ilipanda, na watoi walikuwa nyumbani wanangoja.

Sasa masomo. Taasisi ya kutengeneza mitaala, KICD, ilikuwa inapeperusha vipindi kwa redio za KBC na kwa tivii kupitia Edu Channel. Shule za watu wa doh zenyewe zilikuwa Zoom, watoi wamevaa yunifomu juu na pajama chini. Zile za katikati zilikuwa zinatuma kazi kwa WhatsApp, tisho anapiga picha ukurasa wa kitabu, mzazi anaambiwa aprint. Aprint wapi, na kufika saibaa yenyewe ni fare?

Sensa ya mwaka 2019 ilituambia mambo mawili yenye ningependa Wizara ya Elimu ibandike ukutani. Nyumba zenye redio inafanya kazi zilikuwa asilimia 56.9. Nyumba zenye intaneti zilikuwa asilimia 17.9. Hapo hesabu imejifanya yenyewe: kama ulitaka kufikia mtoto wa Kenya wakati huo, ilikuwa ni redio, halafu tivii, halafu hizo programu zingine baadaye. Cha kushangaza, kelele yote ilikuwa kwa programu. Kila siku kulikuwa na kampuni inatangaza ati imefungulia watoi masomo ya bure mtandaoni. Poa, asante, lakini bando haikuwa bure. Na simu kwa nyumba ilikuwa moja, na hiyo simu ilikuwa inatoka na buda alfajiri, kwa sababu ndio msimamizi wa mjengo alikuwa anamwitia kazi nayo. Ilikuwa inarudi jioni ikiwa na asilimia tano ya chaji na deni ya Fuliza. Mtoto wa darasa la nane alikuwa anapata kuishika saa mbili usiku, bratha zake wawili wanaangalia tivii kwa hicho chumba hicho, na mathe anakaanga vitunguu.

Mwisho wa mwaka huo, huyo mtoto na yule wa Zoom walifaa kukalia KCPE moja. Kufikia hapo hakuna mtu alikuwa amesema mtihani utasongeshwa.

Kuna mtu mwingine kwa hii picha hatumwoni, na ni kwa sababu hapigi kelele. Ni fasbon msichana. Ako miaka 13, 14. Shule ilipofungwa, yeye ndiye aligeuka kuwa shule. Alikuwa anaamka anachota maji, anapikia wadogo uji, anaosha vyombo, anafua nepi, anaangalia yule wa mwisho asishuke kwa ngazi peke yake. Mathe hakuwa na ubaya, alikuwa ameenda kujaribu bahati kwa mageti ya watu, na hakukuwa na mwingine wa kumwachia. Kipindi cha redio kilikuwa kinapita akiwa kwa laini ya mtungi. Tuliambiwa tunawe mikono kila saa, na ilifaa tufanye hivyo, lakini nani unadhani alikuwa anapandisha hayo maji floor ya sita? Mtungi wa lita 20 ukiwa umejaa ni kilo 20. Nyumba yenye watu wako ndani siku nzima, wanakoga, wananawa, wanapika, wanaenda choo ya kumwagia maji, haihitaji mitungi miwili. Inahitaji minne, mitano.

Na si kubeba maji tu ndio hatari yake. Aprili 1, Jaji Mkuu wa wakati huo David Maraga alitoa taarifa kwamba katika wiki mbili zilizotangulia makosa ya kingono yalikuwa yamepanda sana sehemu nyingi za nchi, na yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi za jinai zilizoandikishwa. Akasema kingine chenye kinafaa kukutoa usingizi: katika baadhi ya kesi, mwenye anashukiwa ni jamaa wa karibu, mlezi, ama mtu wanaishi naye. Yaani kwa msichana kama huyo, mtu wa kuogopa alikuwa ndani ya hiyo nyumba aliambiwa asitoke. Zamani alikuwa na masaa kumi ya kuwa mbali naye na tisho mmoja wa kuambia. Sasa hakuwa navyo.

Afrika ilikuwa imepitia hii miaka michache kabla. Ebola iliposhika Sierra Leone, Liberia na Guinea mwaka 2014, shule zilifungwa miezi mingi na watoto kama milioni tano wakakosa masomo. Ugonjwa ulipopungua na madarasa yakafunguliwa mwaka 2015, Sierra Leone ilipata wasichana wengi ni wajawazito. Serikali ikafanya nini? Ikawapiga marufuku kwa shule za kawaida, ati watachafua wengine. Hiyo marufuku ilikaa miaka mitano. Iliondolewa Machi 30, 2020, wakati dunia nzima ilikuwa inafunga shule tena. Kenya kwa karatasi inaruhusu msichana arudi darasani akishazaa. Lakini tungoje hadi afike hapo kwanza? Hiyo hesabu ilifaa kuanza kufanywa Aprili, si Januari.

Kama uko kwa hiyo hali, ama unasikia kitu kupitia ukuta wa jirani, na kuta za ploti ni nyembamba na tunasikiaga kila kitu, namba za bure ni 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia. Usijiambie ni maneno ya watu na boma lao.

Tuje kwa koridoo. Yeyote mwenye alilelewa Eastlands anajua watoto wa mtaa hawachezi ndani. Kati, blada, brikicho, bano, hizo zote zinataka nje. Sasa keateka alipewa kazi ya kufukuza watoi kwa ngazi, na siwezi kumlaumu, watoto thelathini walikuwa wanapumuliana hapo. Lakini walifukuzwa waende wapi? Ndani kulikuwa na futi 10 kwa 10 na buda amekosa kazi na hasira. Mtoto alikuwa anatoka tena baada ya dakika tano. Kila mzazi wa ploti anaijua hiyo dansi.

Halafu ikifika saa moja jioni, koridoo na balkoni zilikuwa kitu kingine. Ile Ijumaa kafyu ilianza, polisi walirusha teargas kwa watu wa feri ya Likoni hata kabla saa yenyewe ifike. Siku tatu baadaye, Machi 30, kijana wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko hapa Nairobi akiwa kwa balkoni ya kwao, polisi wakisukuma kafyu huko chini. Akakufa. Rais aliomba Wakenya msamaha kwa nguvu polisi walitumia, na ni vizuri alisema. Lakini angalia mahali huyo kijana alikuwa. Hakuwa barabarani. Hakuwa amevunja kafyu. Alikuwa home. Kwa maisha ya ghorofa, balkoni ni nyumba, ndio sebule yenyewe. Watu wenye walikuwa wanasimamia hiyo amri walihitaji kujua mpaka wa nyumba uko wapi kabla wabebe bunduki.

Ocha ndio ya mwisho, na hii iliuma wengi kimyakimya. Aprili ni likizo, na kila mwaka hii ndio wiki unaona stendi zimejaa mathe na watoi na mabegi, wanapeleka watoto kwa cucu, kwa dani, kwa kukhu, kwa susu. Tunaiitanga kutembelea wazee, lakini tuwe wakweli, ni deikea ya bei rahisi kushinda zote kwa hii nchi. Mtoto anakula mahindi ya shamba, ana mahali pa kukimbia, na mathe wa Nairobi anapumua wiki tatu. Pasaka ilikuwa Jumapili ya wiki hiyo. Serikali ilisema tusiwabebee wazee virusi, na hapo ilikuwa sahihi kabisa. Huu ugonjwa ulikuwa unaua wazee zaidi, na hospitali za huko ndani hazikuwa na mashine. Kwa hivyo sikutaka mtu apite njia ya panya na mtoto kwa bodaboda. Nasema tu, hicho nacho kilikuwa chumba, na kilifungwa, na hakuna kingine kilifunguliwa.

Kingefunguliwa gani? Sidhani ni maneno makubwa. Zile shule za mtaa zilikuwa na majina ya watoi na namba za simu za wazazi, na Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutuma pesa hadi 1,000 bob kwa M-Pesa mwaka 2020. Ile sahani ya mchana ingeweza kufuata mtoto kwa simu ya mathe yake, 60 bob, 100 bob, bila mtu kupanga foleni na kusukumana. Serikali inajua njia, kwa sababu wazee wa Inua Jamii wanapata pesa zao. Kilichokosekana ni mtu kuandika neno sahani kwa ile orodha ya Machi 25. Maji nayo, kama kunawa ndio dawa tulikuwa nayo, mtu aliuziwaje dawa kwa mtungi? Rent ndio ngumu zaidi, kwa sababu mwenye ploti pia ana mkopo wa benki. Lakini benki zilikuwa zimeshaambiwa ziongee na wateja wao. Mwenye ploti akipewa nafasi ya kupumua na yeye asifunge mlango wa mtu na kufuli yake, hiyo si dini mpya.

Na wewe mwenye ulikuwa campo mwaka huo, najua ulikuwa wapi. Vyuo vilifungwa Machi 20, ukarudi kwa mathe, ukawa unalala kwa kochi, miguu imetoka nje. Ulibebwa kwa ile hesabu ya unga pia. Mathe hakukuambia, lakini wewe ulikuwa mdomo wa nne. Ulikuwa na simu yako, na ulikuwa umefanya KCPE na KCSE zote mbili. Huyo sista yako wa darasa la nane hakuhitaji programu kutoka Marekani. Alihitaji mtu wa kumwelezea aljebra saa nzima kwa siku, na mtu wa kubeba mtungi hiyo saa ndio akae chini. Kama ploti yenu ilikuwa na msee wa campo kwa kila floor, na siku hizo ilikuwa naye, hiyo ilikuwa shule ya watu wanane imekaa kwa ngazi ikiangalia TikTok. Watoi wawili wawili, mlango wazi, barakoa kama iko. Haingeziba pengo la Zoom. Ingemfanya asisahau.

Mwenye payslip naye, kama mama fua wako ulimwambia akae, ungemtumia ile doh ya wiki. Nguo ulifua mwenyewe, sawa, lakini ile pesa ulikuwa umeipanga tayari. Kutuma kulikuwa bure wakati huo.

Siku 21 zilikuwa ziishe Aprili 27. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe mapema mwezi wa tano, na hakuna mtu alikuwa amesema kama utafunguliwa. Kati ya hapo na hapo kulikuwa na rent, tarehe tano, na keateka hubisha mapema. Rais akirudi kwa tivii, tungesikiliza kama kafyu imesongeshwa na kama barabara zimefunguliwa. Mathe wa Pipeline angekuwa anasikiliza kitu kingine, akiwa amesimama kwa mlango, mtoto mmoja mgongoni na wawili wanapigania rimoti.